Njia za Baiskeli Kati ya Zahara na Grazalema, Hispania: Tathmini ya Siku Tano

Milima ya kaskazini-mashariki mwa mkoa wa Cádiz, katika jimbo la Andalucía kusini mwa Hispania, ina barabara nzuri kuliko nyingi nilizowahi kupita kwa baiskeli, na ninalitamka hilo mapema ili msomaji asije akadhani kwamba kasoro nitakazozitaja zinatoka kwa mtu aliyejuta kwenda. Nilikaa huko siku tano katikati ya Aprili, nikiwa na baiskeli ya kukodi, begi dogo lililofungwa nyuma ya tandiko na ramani ya karatasi. Kabla ya kwenda nilikuwa nimesoma kwa makini urefu wa kila mwinuko, na nilikuwa nimeiandaa miguu na mapafu. Sikuwa nimejiandaa kwa saa. Nimerudi nikiamini kwamba mtu yeyote mwenye mazoezi ya wastani anaweza kuzimaliza njia hizi kwa raha, mradi apange siku yake kwa kufuata jua na vijiji vya huko, na kwamba hata mwenye nguvu kupita wote atateseka akizipuuza saa hizo.

Safari yangu ilikuwa duara. Nilianzia Zahara de la Sierra, nikavuka mlima hadi Grazalema, nikalala huko siku mbili, kisha nikapita Ronda na Setenil de las Bodegas hadi Olvera. Kutoka Olvera niliteremka kwa njia ya zamani ya reli hadi Puerto Serrano na kurudi Zahara. Siku ya tano niliupanda tena mlima ule ule wa siku ya kwanza, kwa baiskeli ile ile, na tofauti niliyoiona kati ya siku hizo mbili ndiyo iliyonisukuma kuandika tathmini hii.

Kwanza nieleze habari ya saa, kwa kuwa mengine yote yanaitegemea. Hispania inafuata saa za Ulaya ya kati tangu mwaka 1940, ingawa kwa jiografia sehemu kubwa ya nchi hiyo iko sambamba na Uingereza, na milima hii iko upande wa magharibi zaidi. Katikati ya Aprili, basi, jua huchomoza karibu saa 2 asubuhi, huwa utosini karibu saa 8 na dakika 20 mchana, na huzama karibu saa 3 usiku. Kwa mtu ambaye lugha yake yenyewe huanza kuhesabu saa za mchana tangu mapambazuko, jambo hilo linahitaji kuzoewa, maana anayeanza safari saa 7 mchana akidhani kwamba ukali wa jua umeanza kupungua, kumbe ndio kwanza unapanda. Vijiji navyo vina utaratibu wake. Maduka hufungwa karibu saa 8 mchana na kufunguliwa tena karibu saa 11 jioni, na vibao vya milangoni huandika 14:00 na 17:00. Chakula cha mchana huanza kupakuliwa saa 7 na nusu au saa 8, na cha usiku ni nadra kukipata kabla ya saa 2 na nusu. Siku ya Jumapili usitegemee kukuta duka la vyakula limefunguliwa, na anayetaka mkate aununue asubuhi.

Baiskeli niliikodi katika duka moja ambalo sitalitaja, kwa euro 35 kwa siku. Ilikuwa ya kaboni, nyepesi, yenye breki za diski zilizoshika vizuri hadi siku ya mwisho, na kwa hayo sina neno. Hata hivyo, tulikuwa tumekubaliana kwa maandishi mambo mawili: kwamba ningeichukua saa 3 asubuhi, na kwamba gurudumu kubwa la meno la nyuma lingekuwa na meno 32 (meno yakiwa mengi nyuma, gia huwa nyepesi na kupanda huwa rahisi). Duka lilifunguliwa saa 4, pedali zangu zikafungwa saa 5, na nilipohesabu meno ya nyuma nikakuta 28. Mhudumu aliniambia kwa upole kwamba meno 28 yanatosha kwa milima ya huko. Labda yanamtosha yeye, aliyezaliwa nayo. Mgeni aliyebeba mzigo anahitaji meno 32 au 34, na ninamshauri kila anayekodi ayahesabu mwenyewe kabla ya kulipa, kwa sababu ukishafika mlimani hakuna wa kumlalamikia. Kwa kuchelewa huko, nilifika Zahara na kuanza kupanda saa 7 na nusu mchana.

Barabara ya CA-9104 huanzia karibu na bwawa la Zahara na kupanda kwa kilomita zipatazo 12, kwa wastani wa karibu asilimia 7, hadi Puerto de las Palomas, yaani Kipito cha Njiwa. Ni barabara nyembamba yenye lami nzuri kwa sehemu kubwa, na imechongwa ubavuni mwa mlima kwa namna ambayo kila baada ya kona mbili tatu unaliona tena bwawa lile lile, chini zaidi na dogo zaidi kuliko mara iliyotangulia. Kilomita chache baada ya Zahara iko njia ya miguu inayoshuka kwenye korongo la Garganta Verde, linalojulikana kwa tumbusi wengi wanaozaliana humo, na kibali huhitajika kwa anayetaka kushuka. Baada ya hapo ni wewe, mwamba, vichaka na barabara. Hakuna kijiji wala mgahawa mpaka uvuke, na mimi sikukuta maji popote njiani.

Siku hiyo ya kwanza nilikuwa na chupa mbili. Ya kwanza ilikwisha kabla ya kilomita ya tano. Lami ilikuwa ikirudisha joto usoni, jasho likanikaukia nyusi na kubaki chembe za chumvi, na kila mwinuko ulipozidi asilimia 9 ililazimu nisimame juu ya pedali kwa sababu gia nyepesi kuliko zote haikuwa nyepesi vya kutosha. Kufikia kilomita ya nane, maji ya chupa ya pili yalikuwa ya moto kama ya kuogea, nami nikayapima kwa funda. Nilisimama mara nne. Nilifika kileleni karibu saa 9 na nusu bila kutazama chochote, nikateremka Grazalema nikiwa na wazo moja tu la chakula, na nikakuta mji mzima umefungwa. Milango ya duka la mkate, duka la matunda na mgahawa wa uwanjani ilikuwa imekazwa, viti vimepangwa juu ya meza. Chemchemi ya mjini ilikuwa inatiririka, nami nikanywa mpaka tumbo likauma. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi kivulini alinitazama kwa muda, akaigusa saa yake ya mkononi kwa kidole, kisha akanielekeza kidole hicho kwenye kibao cha duka. Hakunicheka. Alikuwa ananifundisha jambo ambalo huenda ameshawafundisha wengi.

Siku ya pili nilizunguka mlima kwa kupitia Puerto del Boyar, El Bosque, Ubrique, Benaocaz na Villaluenga del Rosario, na kurudi Grazalema, duara la kilomita kati ya 50 na 60. Hapa nina hoja ya kuisisitiza, kwa kuwa wengi huliendesha duara hili kwa upande mwingine. Ukianza kwa Villaluenga, utafika El Bosque mchana ukiwa umeshachoka, na mbele yako kutakuwa na mwinuko wa zaidi ya mita 800 hadi Boyar, jua la magharibi likikuchoma mgongoni na kijiji kimoja tu, Benamahoma, cha kukupa maji. Ukianza kwa Boyar, unapanda kilomita chache tu kutoka Grazalema kukiwa bado na baridi, unavuka kipito hicho chenye mita 1,103 juu ya usawa wa bahari, kisha unateremka muda mrefu kivulini. Kazi kubwa ya siku inabaki kuwa ni kupanda kutoka Ubrique, lakini huko vijiji viko njiani: Benaocaz kwanza, Villaluenga baadaye, kila kimoja na mahali pa kujaza chupa na kupata kahawa. Mlima si mfupi sana kwa upande huo, ila umekatwa vipande, na mwili huelewa tofauti hiyo mara moja.

Mteremko wa Boyar unahitaji uangalifu. Grazalema ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi zaidi Hispania nzima, takriban milimita 2,000 kwa mwaka, kwa sababu mawingu ya Atlantiki yakitoka baharini hukutana hapa na milima mirefu ya kwanza na kuumwaga mzigo wao. Mvua hiyo ndiyo inayoutunza msonobari wa pinsapo, mti wa kale unaoota katika milima michache tu ya Andalucía. Mvua hiyo hiyo huiharibu barabara. Nilikuta vipande ambako lami ilikuwa imezama upande mmoja kama godoro lililolaliwa na mtu mzito, na mawe madogo yaliyoporomoka usiku yalikuwa yametapakaa kwenye kona ambazo huwezi kuuona mwisho wake. Baada ya mvua kubwa barabara za huku huweza kufungwa kabisa, na idara ya usalama barabarani ya Hispania, inayojulikana kwa kifupi cha DGT, hutangaza hali ya barabara kila siku. Dakika mbili za kuangalia kabla ya kulala zinaweza kukuepusha na kurudi nyuma kilomita 15 za kupanda.

Kati ya El Bosque na Ubrique magari ni mengi kidogo, na kipande hicho nilikipita bila kukifurahia sana. Ubrique ni mji wa mafundi wa ngozi, na karakana zake huzishonea kampuni kubwa za nje mikoba na pochi. Baada ya hapo njia inageuka kuwa bora kuliko zote za safari hii, isipokuwa ile ya Palomas yenyewe. Baada ya Benaocaz unaingia katika bonde refu jembamba, kuta za mawe ya chokaa zikiwa zimesimama kushoto na kulia, na chini yake majani mabichi na mbuzi wa aina ya payoya, ambao maziwa yao hutengenezwa jibini inayouzwa Villaluenga. Barabara ndani ya bonde hilo haina tofauti kubwa ya mwinuko, upepo unaweza kukusukuma au kukuzuia, na sauti pekee niliyoisikia kwa dakika nyingi ilikuwa kengele za mbuzi na mnyororo wangu. Villaluenga ndicho kijiji kilicho juu kuliko vyote katika mkoa wa Cádiz. Nilinunua kipande cha jibini na mkate saa 7 mchana, nikala nikiwa nimekaa juu ya ukuta, na nikaingia Grazalema dakika kumi kabla ya maduka kufungwa. Niliona fahari kubwa kwa hizo dakika kumi kuliko kwa mita zote nilizozipanda.

Jambo moja linastahili kusemwa kuhusu madereva. Sheria ya Hispania humtaka dereva anayempita mwendesha baiskeli aache nafasi ya angalau mita 1.5 kando, na tangu Machi 2022, palipo na njia mbili au zaidi za upande mmoja, ni lazima ahamie njia nyingine kabisa. Dereva anaruhusiwa kuukanyaga mstari usiokatika ili ampite mwendesha baiskeli, mradi iwe salama, na waendesha baiskeli wanaruhusiwa kwenda wawili wawili sambamba. Sheria huandikwa katika nchi nyingi. Kilichonigusa ni kuiona ikifuatwa na mtu asiyetazamwa na askari yeyote. Nikiwa natoka Grazalema kuelekea Ronda siku ya tatu, gari la kupeleka mizigo lilinifuata kwenye kona za kupanda kwa muda ambao ulinifanya nione aibu. Halikupiga honi wala kunikaribia. Barabara iliponyooka, dereva alihama upande wa pili kabisa, akanipungia mkono, akaenda zake. Mambo kama hayo yalijirudia kila siku, isipokuwa mara mbili, na mara zote mbili yalikuwa magari ya kukodi yenye watalii. Kwa upande wetu nasi tuna wajibu: kofia ngumu ni lazima nje ya miji, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa na sheria, taa ni lazima usiku na ndani ya mahandaki, na kuvaa vipokea sauti masikioni ukiendesha ni kosa la kutozwa faini.

Ronda sitaieleza kwa kirefu. Daraja lake, Puente Nuevo, lililokamilika mwaka 1793, limesimama juu ya korongo lenye kina cha karibu mita 100, na linastahili sifa zake, lakini mji umejaa mabasi ya watalii na si mahali pa kufurahia baiskeli. Nilivuka, nikanywa kahawa, nikaondoka. Setenil de las Bodegas ni tofauti. Nyumba zake zimejengwa chini ya mwamba uliotokeza nje kama paa, na mitaa miwili iliyo maarufu zaidi huitwa Mapango ya Jua na Mapango ya Kivuli kwa sababu ya namna mwamba unavyopokea au kuzuia mwanga. Nilifika huko siku ya kazi na bado ilinibidi nisukume baiskeli kwa mguu kati ya watu. Mwishoni mwa juma nisingethubutu.

Kutoka Setenil hadi Olvera ni mashamba ya mizeituni mpaka macho yachoke, na ni hapo unapoanza kuelewa umbo la nchi hii. Karibu kila kijiji kimejengwa juu ya kilima, kikiwa na ngome au kanisa kileleni, kwa kuwa kwa muda mrefu huu ulikuwa mpaka kati ya ufalme wa Kikristo wa Castilla na ufalme wa Kiislamu wa Granada. Miji mingi ya jirani, kama vile Jerez na Arcos, bado ina maneno ya mpaka katika majina yake: de la Frontera. Zahara yenyewe ilivamiwa na kutwaliwa na watu wa Granada Desemba 1481, na tukio hilo ndilo lililofungulia vita vilivyomaliza ufalme wao miaka kumi baadaye. Kwa mwendesha baiskeli, matokeo ya historia hiyo ni ya moja kwa moja: kila kikombe cha kahawa kinalipiwa kwa kupanda. Kijiji unachokiona kwa mbali saa nzima, cheupe juu ya kilima, kitakutaka utoe gia nyepesi katika dakika kumi za mwisho, ukiwa tayari umechoka. Olvera ndiyo niliyoiona kuwa kali kuliko vyote kwa jambo hilo, na mtaa ulionipeleka mahali pa kulala niliupanda nikiwa nimeshuka chini na kuisukuma baiskeli.

Siku ya nne ilikuwa ya kupumzisha miguu kwenye Vía Verde de la Sierra. Hispania ina mpango wa kugeuza reli zilizoachwa kuwa njia za miguu na baiskeli, ulioanza mwaka 1993, na sasa njia hizo zimepita kilomita 3,000. Hii ya Olvera hadi Puerto Serrano ina kilomita 36, mahandaki 30 na madaraja marefu manne, na ina historia ya huzuni, kwa sababu reli iliyokusudiwa, ya kutoka Jerez hadi Almargen, haikuwahi kupitisha treni. Ilianza kujengwa miaka ya 1920, wakatoboa milima na kusimamisha madaraja, kisha kazi ikasimama kabisa. Waliofaidi ni sisi. Mteremko wake umepimwa kwa ajili ya treni, kwa hiyo kutoka Olvera unashuka taratibu karibu safari nzima bila kuhisi kwamba unashuka, na hakuna gari hata moja. Tairi nyembamba za baiskeli ya barabarani zinapita, ingawa ziko sehemu zenye changarawe laini, na zangu za milimita 28 zilinitosha bila pancha.

Mahandaki yanahitaji taa. Baadhi yana taa zake, lakini nilipita ambamo hazikuwaka, na handaki refu kuliko yote lina urefu wa karibu kilomita moja. Ndani yake joto la nje linakatika ghafla kama vile umefungua mlango wa jokofu, matone ya maji yanakudondokea shingoni, na unauona mwanga wa upande wa pili ukiwa mdogo kama sarafu. Kisha unatoka tena kwenye jua. Kando ya njia hii umesimama pia mwamba wa Zaframagón, ambao ni hifadhi ya tumbusi na mojawapo ya makazi yao makubwa katika Andalucía. Vituo vya treni ambavyo havikuona treni vimegeuzwa migahawa na nyumba za wageni huko Olvera, Coripe na Puerto Serrano, na nilikula Coripe chakula cha mchana cha bei moja, chenye sahani mbili, mkate na tunda, kwa euro 13. Kwa wanaosafiri na watoto au na mtu asiyezoea milima, njia hii peke yake inatosha kuwa sababu ya kwenda.

Kipande kibaya kuliko vyote vya duara langu ni kile cha kutoka Puerto Serrano hadi Algodonales kwa barabara kuu ya A-384. Malori ni mengi, mwendo wao ni mkubwa, na hata dereva anapokuachia mita zako moja na nusu, upepo wa lori unakusukuma kwanza na kukuvuta baadaye. Kama ningerudia, ningeiendesha Vía Verde kwenda na kurudi, kilomita 72 zisizo na gari, na kutafuta usafiri wa kunipeleka Zahara kutoka Olvera. Kwa anayepanga bajeti, vyumba nilivyolala katika vijiji hivi vilinigharimu kati ya euro 45 na 60 kwa usiku, na vyote vilikubali niiingize baiskeli ndani bila malipo ya ziada. Maji hayakunigharimu chochote. Chemchemi za vijijini ni nyingi, ila soma kibao kwanza: penye maneno agua potable kunywa, na penye agua no potable au agua no tratada pita. Miezi ya Julai na Agosti nisingemshauri mtu aje kabisa, kwani mabonde yaliyo chini ya milima hii hufikia nyuzi 40, na kilele cha joto huwa jioni, saa 11 au hata saa 12, pale ambapo mgeni anafikiri siku imekwisha.

Siku ya tano niliamka Zahara kukiwa giza. Nilikuwa nimenunua mkate na ndizi jioni iliyotangulia, baada ya saa 11, na nilikula nikiwa nimesimama dirishani. Nilianza kupanda saa 2 kasoro robo, taa ya mbele ikiwaka, bwawa likiwa bado la rangi ya risasi. Gia zilikuwa zile zile, 34 mbele na 28 nyuma. Mzigo ulikuwa ule ule, na miguu ilikuwa na siku nne za uchovu ambazo siku ya kwanza haikuwa nazo. Kwenye miinuko mikali bado nilisimama juu ya pedali, lakini nilikaa tena bila kuhema, kwa sababu hewa ilikuwa baridi na lami haikuwa imepata joto la kurudisha. Sikusimama hata mara moja. Kwenye kona ya juu, ambako siku ya kwanza nilikuwa nimeinamisha kichwa, nililiona bwawa lote limegeuka bluu na mnara wa ngome ya Zahara umesimama juu ya mwamba wake, mdogo kama jino.

Nilifika kipitoni saa 3 na robo, na chupa ya pili ilikuwa haijafunguliwa. Tumbusi walikuwa bado wamekaa kwenye mwamba upande wa juu wa barabara, kumi au kumi na wawili, mabawa yamefungwa, wakisubiri hewa ipate moto iwanyanyue. Nilisubiri nao. Baada ya karibu dakika arobaini wa kwanza alijiachia, akapita chini ya mahali niliposimama, karibu kiasi kwamba nilimwona kwa juu, mgongo wa kahawia na ncha za mabawa zilizotanuka kama vidole, kisha akaanza kupanda kwa mizunguko bila kupiga bawa hata moja. Nilipoingia Grazalema duka la mkate lilikuwa wazi, mgahawa wa uwanjani ulikuwa umepanga viti chini, na waliniletea mkate uliobanikwa, nyanya iliyosagwa na chupa ndogo ya mafuta ya zeituni nijimiminie mwenyewe.